Shajara ya mradi: kuchagua nyimbo za metali za gemu yetu ya nganya

Gemu yetu ni ya simu za Android. Mchezaji anaendesha nganya, yaani matatu ya mapambo na muziki, usiku kwenye Magadi Road, barabara itokayo Nairobi, kutoka Bomas hadi Kiserian, akipakia na kushusha abiria kabla muda haujamwishia. Tuko watatu: mimi naandika msimbo kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, mwenzangu anachora, na binamu yangu wa miaka kumi na saba anajaribu kila toleo mpaka liharibike. Barabara na magari vilikuwa tayari Desemba. Ulibaki muziki, na sote tulikubaliana uwe hevi metali. Nyimbo gani hasa? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Naandika kila hatua na gharama yake ili atakayetaka kufuata njia hii asitoe tena pesa nilizozitoa mimi.

11 Januari 2025: Orodha ya kwanza

Tuliandika majina ya nyimbo kwenye vikaratasi tukavibandika ukutani sebuleni kwangu. Vilifika 38. Kila mtu alileta nyimbo alizozipenda tangu shule na akazitetea kwa moyo wote. Saa tatu zilipita bila hata kikaratasi kimoja kubanduliwa.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya nyimbo tatu. Binamu alitaka "Through the Fire and Flames" ya DragonForce. Hoja yake ilikuwa na uzito: wimbo ulitoka 2006, Guitar Hero III, gemu ya kuigiza upigaji wa gitaa, ikauweka mwishoni kabisa mwaka 2007, na gemu hiyo ndiyo iliyoufikisha kwa watu wasiowahi kununua albamu ya metali maishani mwao. Mwenzangu alishikilia "Ace of Spades" ya Motörhead, ya 1980, aliyoisikia mara ya kwanza ndani ya Tony Hawk's Pro Skater 3, gemu ya skateboard, kwenye PlayStation ya kaka yake. Mimi nilisimama na "Master of Puppets" ya Metallica, ya 1986, na sikutaka kusikia la mtu.

"Safari moja ya gemu yetu inachukua muda gani?" mwenzangu akaniuliza.

Dakika tatu na sekunde arobaini, ukiendesha vizuri. Wimbo wangu ni wa dakika nane na nusu. Nusu yake ya pili isingesikika kamwe, na mimi ndiye niliyeandika saa ya gemu kwa mkono wangu. Nikanyamaza. Tukakubaliana kwamba kuanzia hapo wimbo utatetewa kwa kuchezewa, si kwa maneno.

18 Januari: Kuzipima nyimbo mkononi

Tulichagua nyimbo kumi na mbili na wachezaji sita, majirani na marafiki, wawili kati yao wasiosikiliza metali hata kidogo. Tukahesabu ajali, tukaangalia wanakaza vidole wapi na wanachoka wapi.

DragonForce ilianguka, na sababu yake imenifundisha mengi. Wimbo unaenda kwa mapigo kama 200 kwa dakika na umejaa tangu mwanzo. Kwenye Guitar Hero mchezaji anabonyeza nota zenyewe, kwa hiyo kasi ya wimbo ndiyo kasi ya vidole. Kwetu anapinda kushoto na kulia tu. Wimbo ukaikimbia gari ikaachwa nyuma, na watu watano kati ya sita wakasema nganya ni nzito, ilhali sikuwa nimegusa mwendo wake.

"Ace of Spades" iliingia vizuri sana, kwa sababu haimsubirishi mtu. Lakini haifiki dakika tatu. Mizunguko ya Tony Hawk ni ya dakika mbili, ndiyo maana kule inakaa kama kifuniko na chungu chake. Kwetu ilikwisha gari likiwa bado halijaingia mji wa Rongai ulio njiani, na wimbo ukianza upya mtu anahisi amerudishwa nyuma.

Kuhusu "Master of Puppets" nitasema kweli. Baada ya kama dakika tatu na nusu wimbo unatulia, magitaa yanalia polepole na kwa uzuri. Hapo ndipo mchezaji wetu anakaribia kumaliza safari, bodaboda zinamkata kila upande na sekunde zinahesabika. Niliwaangalia watu wanne wakilegeza mabega mahali wanapopaswa kukaza. Nikaubandua ukutani mwenyewe.

Uliotushangaza ni "The Trooper" ya Iron Maiden, ya 1983. Mdundo wake unakwenda moja ndefu, mbili fupi, kama kwato za farasi anayekimbia, na hata wale wawili wasiopenda metali walianza kubadilisha njia kwa kufuata mdundo huo bila kuambiwa. Tukaandika kanuni ya kwanza: rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) moja iliyo wazi, inayosikika ndani ya sekunde kumi, inamfaa dereva kuliko nota elfu. Ya pili: mapigo kati ya 140 na 160.

2 Februari: Kosa la klipu

Toleo nililowagawia wachezaji sita lilikuwa na rekodi halisi za bendi ndani yake. Nilijiambia ni jaribio tu. Binamu akaweka klipu ya sekunde hamsini YouTube ili kuwaonyesha wenzake, na kabla hajamaliza kunywa chai video ilikuwa imeshadaiwa na mwenye wimbo. Hakuna aliyetutoza, lakini kosa lilikuwa langu: kugawa rekodi ya mtu kwa watu sita ni kuigawa.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kufuta lile toleo. Sasa toleo la majaribio halibebi wimbo wowote. Linasoma folda ya muziki ya simu yenyewe, na anayetaka kujaribu anaweka wimbo alionao. Waliocheza GTA: Vice City kwenye kompyuta wanaikumbuka folda ya namna hiyo, mtu alikuwa anatia MP3 zake zinakuwa stesheni ya redio. Siku mbili za msimbo. Kama unaanza leo, fanya hivi tangu siku ya kwanza.

23 Februari: Leseni, na shilingi 22,000 zilizopotea

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili ndani yake. Moja ni ya utunzi, yaani maneno na muziki. Nyingine ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyotoka studio. Mara nyingi wenye haki hizo ni watu tofauti, na ukitaka wimbo uende pamoja na picha zinazotembea ndani ya gemu, unahitaji ruhusa ya wote.

Niliandika barua pepe saba. Zilijibiwa mbili. Mmoja aliuliza tunatarajia watu wangapi, katika nchi zipi, kwa miaka mingapi, kisha akataja kiwango cha chini kilichozidi bajeti yetu yote mara kumi na zaidi. Alijibu kwa adabu na nilimshukuru.

Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko yote ya mradi huu. Nilijua kwamba Guitar Hero ya kwanza, ya 2005, ilijazwa karibu yote na kava, nyimbo zilizopigwa upya na wanamuziki wa kukodi. Nikaamua kava ndiyo mlango wetu. Bila kumuuliza mtu nililipa studio 14,000 na wapigaji wawili, gitaa na dramu, 8,000. Tulipiga wimbo mmoja mkongwe kwa usiku mmoja, na ukatoka vizuri kiasi kwamba mpiga dramu aliomba kuusikiliza mara tatu kabla ya kwenda zake.

Wiki iliyofuata nilimlipa wakili 4,000 aupitie mpango wetu. Aliniuliza swali moja: utunzi mmeununua kwa nani? Kava inakuondolea hitaji la kununua haki ya rekodi tu. Utunzi unabaki wa mwenyewe, na Guitar Hero nao walikuwa na leseni za utunzi. Rekodi yetu ipo kwenye diski yangu na haitatoka. Mwanzoni 4,000 zingeokoa 22,000. Tafadhali anza na wakili.

Alinionya pia juu ya muda. Leseni nyingi zina mwisho. GTA IV ilitoka 2008, na mwaka 2018 nyimbo kadhaa ziliondolewa kwa kuwa leseni zao zilikwisha. Mtu aliyenunua gemu kwa pesa yake akaamka redio ya gari imebadilika. Nikaandika kwenye daftari: hatutachukua wimbo wa kukodi miaka.

16 Machi: Bendi za hapa

Tulipaswa kuanzia hapa. Nairobi ina watu wa metali kwa miaka mingi: Last Year's Tragedy, Seeds of Datura, na Duma, wawili ambao jina lao ni "giza" kwa Kikuyu na ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ubishi wa ukutani ulianza upya, safari hii kwa majina ya nyumbani. Binamu alitaka kitu cha mtindo wa Duma. Naupenda muziki wao kwa dhati, lakini kwa kanuni zetu haukuingia: kelele ni nzito mno, honi ingezama, na gemu yetu inategemea honi.

Mwenzangu alikuwa na swali jingine, na lilikuwa la haki. "Nganya halisi inapiga gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi. Abiria wa Rongai atatuamini?" Nilimjibu kwa lililo moyoni mwangu. Nikiwa mdogo nilikaa kiti cha mbele usiku, gari likishuka Magadi Road na mbuga gizani kando ya barabara, bodi yote ikitetemeka mpaka meno yanagongana. Huo mtetemo sijaukuta katika muziki mwingine wowote isipokuwa huu. Ndani ya gari letu spika za abiria zinapiga miziki ya kawaida, utaisikia ukisimama stejini. Metali ni kile kilicho kifuani mwa dereva. Aliniangalia kidogo, akasema atachora kioo cha mbele kitikisike. Ametikisa, na kimependeza.

Bendi mbili zilikubali (majina nitayaweka gemu ikitoka, ndivyo walivyoomba). Nyimbo nne, 15,000 kila moja. Mkataba ni wa kurasa mbili: haki si ya kipekee, haina ukomo wa miaka, ni ya nchi zote na vifaa vyote, bendi inabaki na mali yake, na tukija kuuza gemu wanapata asilimia kumi. Wakili alitoza 6,000 kuuandika.

Mambo mawili yalitukwamisha. Mtunzi mmoja alikuwa amekabidhi haki zake kwa jumuiya ya kukusanya mirabaha na hakukumbuka alikabidhi zipi. Tulisubiri barua ya idhini wiki tatu. Uliza swali hilo kabla ya kukubaliana bei. Pili, tuliomba faili za kila ala peke yake, gitaa, besi, dramu na sauti, na bendi moja ilikuwa imepoteza za wimbo wake wa zamani; kompyuta ya studio iliibiwa. Wimbo huo tumeuacha. Tukabaki na nafasi moja wazi.

5 Aprili: Spika ya simu haidanganyiki

Kwanza, pengo. Wimbo ulipojirudia palikuwa na kimya kidogo, kama kikwazo barabarani. Nilihangaika na msimbo jioni mbili, kumbe tatizo ni MP3 yenyewe: usimbaji wake huongeza ukimya mwanzoni na mwishoni mwa faili. Nilihamisha kila kitu kwenda OGG, aina nyingine ya faili ya sauti, pengo likafa.

Pili, injini. Mlio wa injini ya dizeli na gitaa lenye mkwaruzo vinakaa mahali pamoja kwenye sauti, na vikikutana vinakuwa uji. Kupunguza muziki kuliua wimbo. Dawa ilikuwa kuchimba shimo kwenye injini: nilipunguza desibeli sita kati ya hezi 300 na 1,000, injini ikabaki na ngurumo ya chini na mluzi wa juu, na gitaa likapata chumba chake. Kick, ile ngoma kubwa ya dramu inayopigwa kwa mguu, nayo haisikiki kwenye spika ndogo ya simu, kwa sababu spika hizo hazibebi besi. Unachosikia ni kile kibao cha mguu kugonga ngozi, basi nikakiinua hicho.

Tatu, ukubwa wa sauti. Nyimbo zilikuja zimebanwa sana, yaani sauti za chini zimepandishwa karibu na za juu, kama LUFS -7 (kipimo cha ukubwa wa sauti; ukikaribia sifuri kelele inazidi), na baada ya safari tatu masikio yanauma. Mpiga gitaa alikataa kuzilegeza, akihofia zitaonekana dhaifu. Nikamkumbusha yaliyoipata Metallica mwaka 2008: albamu yao ya Death Magnetic ilibanwa hadi ikapasuka, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya Guitar Hero zilikuwa zikipumua kuliko kwenye diski. Alikwenda kusikiliza zote mbili mwenyewe. Kesho yake alituma faili zisizobanwa, nami nikazipanga kwenye -16.

26 Aprili: Dereva

Jirani yangu ameendesha njia ya Rongai miaka kumi na moja. Nilimwomba ajaribu. Alikaa kwenye kreti nje ya kibanda, simu mikononi miwili, akaondoka Bomas kwa wimbo wetu wa mapigo 150 kama mtu aliyezaliwa ndani ya gemu. Alipofika kwenye msongamano wa Galleria, kwenye maduka makubwa ya barabarani, akatoa vidole kwenye kioo.

"Hapa muziki wenu unadanganya," akasema. "Hapa gari haliendi. Hapa ndipo dereva anapozeekea."

Msongamano huo tuliuweka sisi, sekunde thelathini za kusukumana bampa kwa bampa, na hatukuwahi kujiuliza unalia vipi. Nikatoa simu yangu ya pili nikampigia "Iron Man" ya Black Sabbath, ya 1970, pembeni, huku akicheza upya bila sauti. Hakusema kitu. Lakini niliona mguu wake wa kushoto, ndani ya ndala, ukishuka na kupanda juu ya mchanga kwa kufuata rifu. Alikuwa anakanyaga klachi.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alipoteza ncha za vidole viwili kwenye kiwanda cha chuma Birmingham, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa lake ili zimpe nafuu. Uzito huo wa chini ulizaa familia nzima ya metali ya polepole. Kwenye kikaratasi chochote kati ya vile 38 hatukuwa na wimbo wa polepole hata mmoja. Tulidhani gemu ya mbio inataka mbio tu.

Nafasi iliyokuwa wazi ikapata mwenyewe. Bendi ya pili ilikuwa na kipande cha polepole cha mazoezini ambacho hawakuwahi kukitoa. Walikirekodi kwa mapigo 75 kwa dakika, nusu kamili ya 150. Hilo niliwaomba kwa makusudi, kwa sababu nilitaka wimbo wa mbio uingie na kutoka kwenye wa polepole bila kugongana. Gemu ya Doom ya 2016 ilifanya kazi hivyo: muziki wa Mick Gordon umekatwa vipande vinavyobadilika kadiri vita vinavyopanda na kushuka.

Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Nilibadilisha wimbo papo hapo gari linapoingia msongamanoni, na ukakatika katikati ya neno la mwimbaji. Sasa gemu inasubiri mwisho wa hatua ya mapigo manne. Kwenye wimbo wa polepole hiyo haizidi sekunde 3.2, kwenye wa mbio 1.6, na dramu pekee ndizo zinazovuka kwanza, gitaa linafuata. Jirani alirudi Jumapili akacheza safari tano. Mara ya tano, msongamano ulipofunguka na gitaa la mbio likaingia, alipiga honi ya gemu kwa muda mrefu bila sababu yoyote.

10 Mei: Tulipofika, na hesabu

Nyimbo nne zimo ndani: mbili za mapigo 150, moja ya 156 kwa mteremko wa mwisho kuelekea Kiserian, na ile ya 75. Wa 156 haubadilishani na mwingine, kwa hiyo haukunisumbua.

Gharama kwa shilingi za Kenya: bendi 60,000, wakili mara mbili 10,000, kava iliyokufa 22,000, vipokea sauti vya masikioni 3,500, nauli na bando 5,500. Jumla 101,000. Bila kava ingekuwa 79,000.

Limebaki moja. Kwenye wimbo wa pili mwimbaji ananguruma palepale makanga wetu, yaani konda, anapoita abiria, na sauti mbili zinakabana. Nimejaribu kushusha mwimbaji, wimbo ukapoteza uso. Nimemwomba binamu arekodi makanga upya kwa sauti nyembamba ya juu, maneno yakae katikati ya mistari ya mwimbaji. Tunarekodi Jumamosi.